Kipande cha Ardhi Nilichokwenda Kununua Ikutha

Wengi mmeniuliza, kanisani na kwenye foleni ya mashine ya unga, nilikwenda kutafuta nini Kenya majuma yale matatu, na kama ni kweli nimerudi bila ardhi. Ni kweli. Kila nikianza kusimulia anaingia mtu na salamu, habari inakatika. Kwa hiyo nimeona niandike. Mambo ya pasipoti na vibali nayaacha. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, mtanivumilia.

Kwa asiyejua, mwanangu Tumaini aliolewa na Musyoki, Mkamba wa Ikutha, aliyekuwa fundi wa magari hapa hapa Korogwe, pale Mombo. Baadaye walihamia kwao. Mwaka juzi Tumaini alifariki akijifungua, na mtoto naye hakupona. Walizikwa pamoja nyumbani kwa Musyoki, hatua tatu kutoka safu ya mkonge inayotenga shamba lake na la jirani. Sina mtoto mwingine.

Siku ya mazishi hakuna aliyenionyesha kitanda pale nyumbani. Mkwe wangu hakunitazama wala hakuniambia pole. Nikitokea upande huu, yeye anaondokea upande ule. Hata zamani alipokuja kuposa alikaa ametazama mlango, na chakula changu akaenda kulia nje. Nilidhani ni maringo ya ujana. Siku ya mazishi nikaona ni chuki. Nililala gesti pale sokoni, kulipopambazuka nikapanda gari, na njia nzima nikawa nasema moyoni kwamba sitaomba tena pa kulala kwa watu wale. Nitanunua kipande changu, hata kama kinatosha kibanda kimoja tu, ili nikienda kwa mwanangu nifikie kwangu.

Basi yule jirani, Mama Kavata, aliponitumia ujumbe kwamba anauza sehemu ya shamba lake iliyopakana na kaburi, niliuza kiwanja changu cha bondeni, nikafunga safari.

Korogwe hadi Mtito Andei

Mpaka Taveta, upande wa Kenya, hakukuwa na jambo. Pale nilipata basi la kwenda Voi, na Voi nikapanda lingine linaloelekea Nairobi, nikamwomba kondakta anishushe Kibwezi. Tulipokaribia Mtito Andei tukakuta magari yamesimama mstari mrefu. Lori la vitunguu lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara. Dereva wake alikuwa mzima, ameketi juu ya jiwe na kikombe cha chai, hasemi na mtu.

Tulikaa pale kuanzia saa nne mpaka saa tisa alasiri. Watu walishuka na mifuko wakaokota vitunguu. Dada mmoja niliyekaa naye kiti kimoja alirudi na shuka limejaa, akanisukumia vitunguu vitano mapajani.

"Chukua, Mama. Hivi ni vya bure."

"Mwenyewe yuko pale amekaa," nikamwambia.

"Yule ni dereva tu. Mwenyewe hata hajui."

"Basi tumwulize dereva."

Aliniangalia, akacheka mpaka wa viti vya nyuma wakageuka. "Mama, wewe umeokoka ama wewe ni mgeni?"

"Yote mawili."

Akavirudisha kwenye shuka lake, lakini hakunikasirikia. Baadaye alinipa nusu ya mkate wake, akasema huu ameununua Voi na risiti anayo. Nikala.

Nawaeleza habari ya vitunguu kwa sababu baadaye niliikumbuka.

Kibwezi

Nilifika Kibwezi jioni, na asubuhi nikakutana na Kioko, dalali aliyetafutwa na Mama Kavata. Wao humwita broka. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, simu mbili. Alinipeleka hotelini, akaagiza chapati na ndengu, ambazo ni choroko zetu hizi hizi, ila wao huziunga nzito mpaka zinasimama kwenye kijiko.

Nilikuwa nimesikia tangu nyumbani kwamba mgeni hauziwi ardhi hivi hivi Kenya. Nikamwuliza waziwazi.

"Mama, usiwe na wasiwasi," akasema. "Hiyo ni sheria ya watu wakubwa, wale wa kununua maekari. Yako ni kiplot kidogo. Tutaingia mbele ya bodi ya ardhi, watauliza maswali mbili tatu, wanapitisha, tunaenda."

"Maswali gani?"

"Unatoka wapi. Wewe sema Taveta."

"Mimi natoka Korogwe."

Aliweka chapati chini, akafuta vidole kimoja kimoja. "Mama, sikiza. Taveta na Korogwe ni watu wamoja. Mzungu alichora laini, mlima ukaenda huko, nyinyi mkaenda huko. Sasa hiyo ni uongo ama ni historia?"

Alizungumza vizuri, na mimi nilikuwa nimetoka mbali na nikikitaka kile kipande kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, kwa sababu yeye alichukua kimya changu kuwa ndiyo.

Kuvuka Athi

Kutoka Kibwezi kwenda Ikutha ni barabara nzuri ya lami. Unashuka taratibu mpaka daraja la mto Athi, na ukishalivuka umeiacha Makueni, uko Kitui. Maji yalikuwa kidogo, ya rangi ya chai. Baada ya hapo ardhi inakuwa nyekundu, vichaka vya miiba, mbuzi wengi, na kila boma limezungukwa na mkonge.

Mnanijua. Baba yangu alikata mkonge, mama yangu alikata mkonge, mimi mwenyewe nilifanya kazi korona, pale mashine inapochambua majani, mpaka mikono ikawa hivi ilivyo. Nilikulia kambini, na kambini kulikuwa na makabila yote, kila mtu aliacha mila zake huko alikotoka. Kwetu mkonge ni mali ya shamba la tajiri, umepandwa mistari hadi macho yanaishia. Ikutha mkonge ni neno la jirani kwa jirani: wewe mwisho wako hapa, mimi mwanzo wangu hapa. Sijui kwa nini jambo hilo lilinitoa machozi garini.

Mama Kavata alinipokea kituoni. Ni mjane, mkubwa wangu kwa miaka michache, ana magoti mabovu na ulimi mkali. Watoto wake wako Nairobi. Alitaka kuuza kipande ili anunue tangi la maji ya mvua.

Tulikuwa kwenye njia ya miguu kuelekea kwake nilipomwona Musyoki anakuja mbele yetu, anasukuma baiskeli yenye madumu manne. Akainua macho, akatuona. Akaiegemeza baiskeli kwenye mti wa miiba na kuingia kichakani, haraka, kama aliyeona nyoka. Tukaipita ile baiskeli peke yake, dumu moja likivuja.

Mama Kavata aliendelea kunieleza habari za tangi. Nikajiambia kwamba mkwe wangu hajabadilika.

Siku za kungoja

Bodi ilikuwa ikae Jumatano. Jumatano tukaambiwa wajumbe wawili wako kwenye mazishi, tuje Ijumaa. Ijumaa ikawa kuna mkutano wa chifu. Tukapewa Jumanne ya juma lililofuata. Muda wote huo nililala kwa Mama Kavata, chumba cha mwanawe.

Siku ya kwanza alinipa chakula, nikamwambia, "Haya si makande?"

"Hii ni muthokoi," akasema, kama niliyemtukana mtoto wake. "Mahindi imetolewa maganda. Makande yenu ni ya watu wavivu."

Nikala sahani mbili, akaridhika.

Kila asubuhi nilipofungua mlango nilikuta dumu la maji limejaa, limefunikwa na kifuniko cha sufuria, na kuni zimepangwa kando. Maji ya kule huchimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, mbali, na kila lita ina jasho lake. Nilimshukuru Mama Kavata. Alikuwa akijibu, "Oga tu, Mama Tumaini," bila kuacha kusuka kiondo chake.

Mchana nilikwenda kaburini. Nilipita shamba la Mama Kavata, nikakaa upande wake wa mkonge, sikuvuka. Kaburi lilikuwa limepangwa mawe pembeni, limefagiliwa. Hapakuwa na jani hata moja. Nilitoa kisu nikasafisha miiba ya majani ya chini ya mkonge, kwa namna tuliyofundishwa kambini, ili siku nitakapokuwa na nafasi yangu pale mtu asichomwe akipita. Nilipima kile kipande kwa miguu: hatua kumi na moja kwa hatua tisa. Nilishaamua mlango utatazama wapi.

Mbele ya bodi

Jumanne tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi toka asubuhi. Karibu na saa sita Kioko akanipa fomu niione. Jina lilikuwa la mtu mwingine, mwanamke wa Taveta, na nakala ya kitambulisho ilikuwa nyeusi kiasi kwamba ile sura ingeweza kuwa ya mama yeyote.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe, kwa dakika kumi. Halafu tutabadilisha."

Mama Kavata akanong'ona, "Jina tu, Mama Tumaini. Hata mimi kwa benki wameniandika vibaya."

Tukaitwa. Walikuwa watu sita na mwenyekiti, mama mwenye miwani na sauti ya mwalimu. Walimwuliza Mama Kavata kama anauza kwa hiari yake na kama watoto wake wanajua. Akajibu ndiyo, na akawapigia mmoja simu mbele yao. Kisha mwenyekiti akanigeukia. Alikuwa na upole.

"Na wewe, Mama mnunuzi. Unatoka wapi?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile neno. Ni neno dogo na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nikavikumbuka vile vitunguu vya bure, na nikamwona Tumaini amelala pale, na mimi naingia kwake kila mara kwa jina la mwanamke nisiyemjua. Akija mtu kuuliza mama wa marehemu ni nani, karatasi itamtaja mwingine.

"Natoka Korogwe," nikasema. "Tanzania. Hilo jina kwenye fomu si langu. Niliiona leo, lakini nilijua tangu Kibwezi kwamba kuna maneno yatasemwa yasiyo kweli, na nilinyamaza."

Kioko alitazama dari. Mjumbe mmoja alicheka kidogo, akakohoa. Mwenyekiti alivua miwani.

"Mama, kwa nini unataka shamba Ikutha?"

"Mwanangu amezikwa pale."

Mwenyekiti aliikunja miwani, akaiweka mezani. Kisha akanieleza polepole kwamba sheria yao haimruhusu asiye raia kuuziwa shamba la kilimo, na bodi haina uwezo wa kuipinda. Mjini ni tofauti, kule mgeni anaweza kukodishiwa kiwanja hata kwa miaka tisini na tisa.

"Mimi nina miaka sitini na mbili," nikamwambia. "Na mwanangu hayuko mjini."

"Najua, Mama," akasema. Aliichukua ile fomu, akaikunja mara mbili, akamwambia Kioko abaki nyuma. Sisi tukatoka.

Kurudi kwa Mama Kavata

Tulipofika Mama Kavata alitupa mkoba kitandani.

"Taveta! Ni neno ngumu? Mtoto wa chekechea anaweza kusema Taveta! Sasa tangi yangu imeenda, shamba yako imeenda, umebaki na ukweli yako. Utaezeka nayo nyumba?"

Nikamwomba radhi. Nilimwambia ana haki ya kukasirika. Halafu maneno yaliyokaa ndani yangu miaka miwili yakatoka yenyewe. Nikamwambia kwamba nisingehitaji ardhi ya mtu kama ningepewa hata mkeka siku ile ya mazishi. Kwamba mkwe wangu alinikimbia mbele ya kaburi la mwanangu, na juzi kanikimbia tena njiani, na yeye Mama Kavata ni shahidi.

Mama Kavata aliketi. Alinitazama kwa muda, akafunika mdomo kwa mkono.

"Ngai! Ndiyo sababu unanunua shamba yangu?"

"Ndiyo sababu."

"Mama Tumaini, ulitaka akukodolee macho? Wewe ni muthoni wake, mama ya bibi yake. Kwetu mwanaume hatazami mama mkwe kwa uso. Akikutana na wewe kwa njia, anatoka kwa njia. Na wewe huwezi lala kwa boma yake, hiyo ni aibu kubwa sana, kwake na kwako. Ni heshima. Wengi siku hizi wameokoka wanasema ni mambo ya zamani, lakini huyu alilelewa na susu yake, mama ya baba yake, na yule mama alikuwa mkali. Aliingia kichaka juzi na miiba yote ile kwa sababu yako!"

Nikaketi kitandani, kando ya mkoba wake.

"Na hiyo maji unaoga kila asubuhi, unafikiri ni nani analeta? Mimi? Na magoti hii?"

Nikakumbuka dumu lililokuwa likivuja njiani. Nikakumbuka chakula alichokula nje nyumbani kwangu, na mimi nikamsema kwa majirani, na baadhi yenu mlinisikia. Niliwaambia kijana yule ana dharau. Naomba mjue kwamba nilisema uongo, ingawa sikujua kuwa ni uongo.

"Mbona hakuna aliyeniambia?" nikauliza.

"Tulijua unajua. Nani hajui?"

Mbuzi na blanketi

Mama Kavata akasema kuna njia. Mkwe huleta mbuzi na blanketi, mama mkwe anapokea, wanakula pamoja, na haya inaondoka kati yao. Musyoki alikuwa ameshamfunga mbuzi wa kazi hiyo siku ya pili baada ya mazishi. Alipotuma watu gesti kuniita wakakuta nimeondoka. Mbuzi yule aliendelea kufugwa. Hakuuzwa hata ukame ulipokuja.

Ilifanyika Jumamosi mchana, upande wa Musyoki. Tulikuwa wachache: ami yake mmoja, mchungaji wa kanisa lao, Mama Kavata na mimi. Mchungaji alisema yeye binafsi hana haja na mila hizi, ila haoni dhambi katika nyama na blanketi, akaomba, na akala vizuri kuliko sisi wote. Nilivuka ule mkonge kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Musyoki alikuja na blanketi mikononi, amegeuza uso pembeni. Ami yake akamwambia neno kwa Kikamba. Akanifunika mabega. Kisha akainua kichwa.

Miaka saba nimekuwa mkwewe na nilikuwa naujua mgongo wake tu. Nilimtarajia mtu mzima, mgumu. Alikuwa kijana. Alikuwa amekonda mashavu, na ndevu chache upande mmoja ameziacha bila kunyoa, kama mtu asiye na wa kumwambia. Macho yake yalikuwa yamechoka mahali pale pale ninapochoka mimi nikijitazama kwenye kioo.

Kule kwao shikamoo si salamu ya kila siku. Alijifunza akiwa Mombo, na alikuwa hajawahi kunipa.

"Shikamoo, Mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Ami yake akaleta nyama.

Siku zilizobaki nilihamia nyumbani kwa mwanangu. Kanga zake alizotoka nazo kwangu zilikuwa zimekunjwa ndani ya sanduku, na Musyoki alilala kwa ami yake ili nipate kitanda. Asubuhi nilifungua mlango, nikahesabu hatua mpaka kaburini. Ni ishirini na mbili.

Kurudi

Tangi la Mama Kavata nililinunua, maana alikosa mauzo kwa ajili ya ulimi wangu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema ataandika jina langu ubavuni kwa rangi, jina la kweli, na Korogwe chini yake, ili bodi ikija isome. Tukacheka. Fedha iliyosalia nimerudi nayo.

Mpakani afisa mmoja kijana alipekua pasipoti yangu, akaniuliza nilikuja Kenya kufanya nini. Nikamwambia nilikuja kununua shamba Ikutha.

"Ukapata, Mama?"

"Sikupata. Mimi si raia."

"Pole sana. Basi hutarudi tena?"

Nikamwambia nitarudi ndengu zikikomaa. Musyoki amesema hawezi kuzivuna peke yake.